Lami juu ya vumbi

Masika yakishapita, mtu wa visiwa hivi hutoka nje kutazama vitu viwili: paa lake na njia yake. Paa ni lake mwenyewe. Akiliona limevuja hupanda akaliziba. Njia ni ya umma, na akiiona imebanduka hana la kufanya ila kuuliza. Swali lake, kwa miaka mingi sasa, limekuwa likijibiwa kwa maneno yale yale: mvua zimekuwa nyingi, na magari yamekuwa mazito. Sisi katika safu hii tumeyapokea majibu hayo mara kwa mara na kuyachapisha kama tulivyopewa. Leo tunaomba ruhusa ya wasomaji wetu, na ya wakubwa wanaohusika na barabara, tuliseme jibu la tatu ambalo halisemwi. Baadhi ya barabara hizi hazikuharibiwa na mvua wala na malori. Zilikwisha kuharibika siku ile ile zilipokuwa zikitandikwa, kwa kuwa lami ya juu haikushikana na kilicho chini yake.

Hatukanushi mvua. Unguja hupata kiasi cha milimita 1,600 kwa mwaka na Pemba kiasi cha 1,900, na sehemu kubwa ya maji hayo humwagika baina ya Machi na Mei. Wala hatukanushi uzito. Majaribio makubwa yaliyofanywa Marekani, karibu na mji wa Ottawa katika jimbo la Illinois, baina ya 1958 na 1960, ambako malori yalizungushwa mfululizo juu ya vipande vya barabara vilivyojengwa makusudi ili vivunjwe, yalionyesha kwamba ekseli ikiongezewa uzito maradufu, madhara yake hayaongezeki maradufu bali kiasi cha mara 16. Basi anayelipakia lori lake kupita kiasi anaila barabara ya wenzake, na hilo tumekwisha kulisema na tutalisema tena. Lakini mvua haichagui, na malori hayachagui. Ikiwa barabara mbili zimejengwa kwa kipimo kimoja, zikanyeshewa na mvua moja na kukanyagwa na magari yale yale, kisha moja ikasimama na ya pili ikabanduka maganda, basi mwenye akili atatafuta sababu nyingine.

Sababu hiyo haihitaji shahada ili kuitambua. Tunamwomba kila msomaji wetu atakapokutana na shimo la barabarani alitazame vizuri kabla ya kulilaani. Yako mashimo ya namna mbili. Liko shimo la bakuli: limedidimia, kingo zake zimelainika, ndani mna matope na kokoto zilizochanganyika. Hilo aghalabu ni maradhi ya msingi. Ardhi au kifusi cha chini kimelowa na kulegea, na lami imezama pamoja nacho. Na liko shimo la sahani: kina chake ni vidole viwili au vitatu tu, kingo zake zimekatika wima, na chini yake mna sakafu iliyotulia. Ukiitazama sakafu hiyo utaiona ni lami ya zamani, nyeusi na nzima, au ni jiwe jeupe la matumbawe lililoshindiliwa vizuri, kana kwamba hakuna aliyepata kuweka kitu juu yake. Hilo la pili ndilo tunalolizungumza. Hapo msingi haukuanguka. Ni ngozi iliyojivua mwili.

Barabara ya lami, kwa asiyejua, si kitu kimoja bali ni matabaka. (Tuseme mapema kwamba matabaka haya si yale tuliyozoea kuyajadili katika ukurasa huu, hapa tunalalamika kwamba hayakukaribiana vya kutosha.) Chini kabisa mna udongo wa mahali penyewe, juu yake kifusi kilichoshindiliwa, kisha jiwe lililovunjwa. Juu ya jiwe hilo hunyweshwa lami nyepesi inayopenya ndani na kufumba vitundu. Ndipo huja lami ya moto iliyochanganywa na kokoto, nayo katika barabara kubwa hutandikwa mara mbili: tabaka la chini linalobeba na la juu linalokanyagwa. Barabara ya zamani inapotengenezwa upya, mara nyingi hutandikwa tabaka jipya juu ya lami iliyopo. Mhandisi anapokaa mezani kukadiria unene, huhesabu kwamba matabaka yote hayo yatafanya kazi kama kitu kimoja. Hesabu zake zote zimesimama juu ya sharti hilo. Sharti likivunjwa kule barabarani, karatasi zake za mezani hazina maana tena, hata kama zimepigwa mihuri mitano.

Tofauti baina ya kushikana na kutoshikana ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Twaa daftari la mwanafunzi ulipinde kwa mikono miwili. Litapindika bila ya taabu, na ukitazama ukingo wake utaona kurasa zimeteleza moja juu ya nyingine, zikapangika kama ngazi. Sasa chukulia kwamba kila ukurasa umepakwa gundi ukagandamizwa na mwenzake mpaka ukakauka. Karatasi ni zile zile, unene ni ule ule, lakini sasa una ubao mkononi, na utauvunja kabla hujaupinda. Mafundi seremala wetu wanalijua jambo hili kwa mikono yao, na wenye elimu ya hesabu wanaweza kulitia katika tarakimu: ugumu wa ubao dhidi ya kupindwa huongezeka kwa mchemraba wa unene wake. Unene ukiwa maradufu, ugumu huwa mara 8. Mbao mbili zilizolazwa moja juu ya nyingine bila ya gundi zina ugumu wa mara 2 tu, ule wa kila moja ukijumlishwa. Kwa hiyo sentimita 5 za lami juu ya sentimita 5 nyingine, zikishikana, zinakaza mara 4 kuliko sentimita zile zile 10 zisiposhikana. Mwananchi amelipia kokoto zile zile na lami ile ile, akapata robo ya ukakamavu wake.

Na robo hiyo haikai tuli. Gurudumu linapopita, kila tabaka lililo peke yake hupindika peke yake, na sehemu yake ya chini huvutwa. Ufa huanzia huko chini pasipoonekana na macho, ukapanda siku baada ya siku mpaka ukachungulia juu. Hesabu za wahandisi wa nchi mbalimbali zimeonyesha kwamba barabara ambayo matabaka yake hayakushikana yaweza kupoteza nusu ya umri wake au zaidi. Barabara iliyokusudiwa ifike miaka 15 itaomba kutandikwa upya kabla ya mtoto aliyezaliwa siku ya uzinduzi wake kumaliza darasa la pili.

Pako mahali ambapo maradhi haya hujidhihirisha mapema. Kila mwenye nyumba anajua kwamba busati lililolazwa juu ya sakafu iliyosuguliwa halikunjamani katikati ya chumba. Hukunjamana mlangoni, pale watu wanapogeuka na kusita. Barabara ni vivyo hivyo. Gari liendalo mwendo wa kawaida kwenye njia iliyonyooka hukandamiza chini tu, lakini linapofunga breki, linapopinda au linapovuta mzigo kupanda kilima, magurudumu husukuma uso wa lami kwa ubavu. Msukumo huo ni mkali zaidi katika sentimita chache za juu, ndiyo maana tabaka jembamba la sentimita 3 au 4 huumia kabla ya tabaka nene. Tabaka lisiloshika huteleza, na linapoteleza hupasuka nyufa za mviringo mfano wa hilali, moja nyuma ya nyingine. Mwenye kutaka kuziona azitafute penye vituo vya daladala, kwenye mizunguko na katika miinuko ya Pemba, ambako barabara hazina budi kupanda na kushuka kila baada ya hatua chache. Azitafute hasa baada ya miezi ya joto, kwani lami hulegea kwa jua. Saa nane za mchana uso wake waweza kupata nyuzi 60 na kuzidi, na nguvu ya mshikamano hupungua sana kadiri joto linavyopanda.

Nyufa hizo zikishafunguka, ndipo mvua inapoingia katika kisa chetu, na inaingia kama mgeni aliyefunguliwa mlango. Maji hupenya katika ufa, yakakuta baina ya matabaka mawili nafasi ya kulala. Gurudumu likipita juu huyasukuma kwa nguvu huku na huko, na maji yaliyobanwa huchokoa lami kutoka kwenye kokoto. Wiki chache za masika zinatosha. Tabaka la juu huinuka vipande vipande, na hapo msemaji huitwa kueleza, naye husema mvua. Hakusema uwongo. Amesema nusu.

Dawa ya haya yote inajulikana, na wala si mpya. Kabla ya tabaka la juu kutandikwa, la chini hunyunyiziwa utando mwembamba wa lami ya kunatisha, ambayo kwa kawaida ni lami iliyosagwa matone madogo sana na kuchanganywa na maji ili iweze kumiminika. Ikinyunyizwa huwa na rangi ya kahawia, kama kahawa iliyotiwa maziwa. Maji yakishajitenga hugeuka nyeusi na kunata kidoleni. Hapo ndipo lami ya moto hupaswa kuja juu yake, si kabla. Kiasi chake ni kidogo mno: robo lita hadi nusu lita kwa mita moja ya mraba, kwa kutegemea hali ya uso, kwani uso uliozeeka na kukauka huhitaji zaidi kuliko uliotandikwa jana.

Tupige hesabu. Kilomita moja ya barabara yenye upana wa mita 6 ni mita za mraba 6,000. Kwa theluthi ya lita, au tuseme 0.3, ni lita 1,800, yaani mapipa 9 ya lita 200. Kwa kuwa karibu asilimia 60 ya mchanganyiko huo ndiyo lami yenyewe, tunazungumzia lami ya tani moja na kidogo. Tabaka la sentimita 5 linalokuja juu yake katika kilomita hiyo hiyo lina uzito wa karibu tani 700, na ndani yake mna lami ya kiasi cha tani 35. Basi tani moja inaamua kama tani 35 zitafanya kazi iliyokusudiwa au zitachukuliwa na maji hadi mtaroni. Na tukumbuke kwamba sisi ni watu wa visiwani. Kila tone la lami hiyo limeshuka bandarini kutoka melini, na jiwe letu la matumbawe, ambalo linatufaa sana kwa msingi, ni laini kwa uso unaosuguliwa na magurudumu, kwa hiyo kokoto ngumu nazo zinavushwa bahari. Nchi yenye machimbo na mitambo mlangoni inaweza kujifariji ikikosea. Sisi tunalipa nauli kwa kosa.

Hapa tunafika kwenye adui mkubwa wa mshikamano katika visiwa vyetu, naye ni vumbi. Vumbi la matumbawe ni jembamba kama unga wa ngano. Likitanda juu ya tabaka la chini, lami ya kunatisha hushikana nalo badala ya kushikana na barabara, na vumbi lenyewe halikushikana na chochote. Mafundi wa chokaa wa Mji Mkongwe wanalijua somo hili tangu zama za wazee wao. Fundi hatii lipu mpya juu ya ukuta wa zamani mpaka auchokoe uwe na makovu, aupige ufagio, kisha aurowanishe. Asipofanya hivyo, lipu itakaa vizuri mpaka siku ya kulipwa, halafu itadondoka. Kwa barabara pia ni hivyo hivyo. Uso uliokwaruzwa na mashine hushika kuliko uso laini, kwa sababu kokoto za juu huuma katika makovu ya chini. Lakini makovu hayo hayo, yasipofagiliwa na kupulizwa kwa upepo wa mashine, huwa ni vikombe vya kuhifadhia vumbi, na kazi nzuri hugeuka kuwa hasara.

Miaka michache iliyopita tulipita katika kijiji kimoja, ambacho hatutakitaja, tukakuta lami ikitandikwa. Tulisimama kwa furaha, maana njia ile ilikuwa ikisubiriwa muda mrefu. Tabaka la chini lilikuwa limewekwa siku kadhaa nyuma, na katika siku hizo malori ya kifusi, magari ya ng'ombe na baiskeli vilikwisha kupita juu yake. Uso wake ulikuwa umepiga weupe kama sakafu ya kinu cha unga. Hatukuona ufagio. Gari la kunyunyizia lilikuwapo, limeegeshwa chini ya mwembe, na vijana wawili wamelala kivulini mwake. Tulimwuliza msimamizi kwa heshima kama hapatanyunyizwa kitu. Akatujibu, bila ya ubaya wowote, "Sheikh wangu, hii ni lami ya moto. Inajishika yenyewe." Bibi mmoja aliyekuwa akikaanga mbatata kando ya njia alisikia akacheka. "Mwanangu," alituambia sisi, si yeye, "mie nikipaka chokaa ukuta wangu nafagia kwanza, na ukuta wangu haupitiwi na gari."

Tuwe waadilifu kwa yule msimamizi. Neno lake lina chembe ya kweli. Tabaka la juu linapofuata la chini siku hiyo hiyo, la chini likiwa bado safi na lenye joto, wako wahandisi wanaokubali kwamba lami ya kunatisha yaweza kuachwa. Lakini sharti la maneno hayo ni usafi na wakati, na pale kijijini hapakuwa na lolote kati ya mawili hayo. Ruhusa iliyotolewa kwa hali moja ilichukuliwa ikatumiwa kwa hali nyingine, kama mtu anayekula mchana wa Ramadhani kwa hoja kwamba msafiri ameruhusiwa, naye hajatoka kwake.

Wiki mbili baadaye palifanyika uzinduzi. Utepe ulikatwa, ngoma zikapigwa, na gazeti hili likachapisha picha katika ukurasa wa kwanza. Vuli ya kwanza ilipita salama. Masika yaliyofuata, penye mpando wa kuingilia kijijini, lami ilianza kubanduka kwa mashimo ya sahani, na sakafu ya kila shimo ilikuwa nyeusi, nzima, na juu yake ukipitisha kidole unapata vumbi jeupe. Sisi tuliona kila kitu siku ile ya mwembe, tukauliza swali moja, tukapewa jibu moja, tukaenda zetu. Tulikuwa na wino na karatasi. Hili tunajikosoa mbele ya wasomaji wetu kabla ya kumkosoa yeyote.

Yako pia makosa ya kuzidisha. Mnyunyizaji aliyeogopa kulaumiwa kwa uchache akimwaga kupita kiasi, lami ya kunatisha hugeuka kuwa mafuta. Tabaka la juu huteleza juu yake, na siku za joto lami hupanda juu ikang'aa. Yako makosa ya mrija ulioziba, ukaacha mistari kama ya punda milia, nusu ya uso umepata na nusu umekosa. Katika kazi ndogo tumewahi kuona ikinyunyizwa kwa mikebe ya kumwagilia bustani. Na liko kosa moja ambalo ni la kusikitisha zaidi kwa kuwa hufanywa na wale wale walionyunyiza vizuri: malori yanayoleta lami ya moto hupita juu ya utando ambao bado haujakauka, na magurudumu yake huuondoa. Huuondoa wapi? Katika mistari miwili ile ile ambayo magurudumu ya magari yote yatakuja kuikanyaga kwa miaka yote inayofuata.

Katika hili wananchi nasi hatumo nje. Mara ngapi tumewaona madereva wetu wakisogeza vizuizi vya barabarani ili wapite kwenye uso ulionyunyiziwa, kwa haraka ya kuwahi abiria watatu? Mara ngapi watoto wetu wamepita pekupeku wakarudi nyumbani na nyayo nyeusi, na gari la ng'ombe likaacha mstari wa udongo kutoka upande mmoja hadi wa pili? Masheha wetu, ambao huitwa kila panapotakiwa watu kuja kushangilia uzinduzi, wangeitwa pia siku tatu kabla ya kunyunyiza ili wawaeleze watu kwa nini njia itafungwa na kwa saa ngapi. Mtu akielezwa sababu huvumilia. Asipoelezwa huona ni ubwana wa mtu wa greda.

Lakini mzigo mkubwa uko kwa wenye mamlaka, na kwao tunataka tuseme kwa uwazi. Kitu kisichoonekana hakilindwi kwa nasaha. Tabaka la juu likishatandikwa, hakuna jicho linaloweza kujua kilichofanyika chini yake. Mkandarasi mwaminifu na asiye mwaminifu huacha nyuma yao uso mweusi ule ule, unaong'aa sawasawa siku ya picha. Ndiyo sababu wenzetu waliotangulia walitafuta njia ya kupima. Mwaka 1979 Mjerumani mmoja, R. Leutner, alichapisha njia rahisi ambayo mpaka leo jina lake linaitwa nayo. Barabara hutobolewa kwa keekee kubwa, kikatolewa kipande cha duara chenye kipenyo cha milimita 150 kilicho na matabaka yote mawili. Kipande hicho hubanwa katika taya za chuma, taya moja ikilishika tabaka la juu na nyingine la chini, katika joto la nyuzi 20, kisha hukatwa kwa ubavu kwa mwendo wa milimita 50 kwa dakika mpaka matabaka yaachane. Nguvu iliyotumika huandikwa. Ujerumani iliweka kwamba baina ya tabaka la juu na lile linalolifuata nguvu hiyo isipungue kilonyutoni 15, yaani kama uzito wa tani moja na nusu. Kipande kikiachana chini ya hapo, maelezo hayatafutwi kwa msemaji. Yanatafutwa kwa mkandarasi.

Hatudai kwamba kipimo cha Ujerumani kinakiliwe neno kwa neno. Jua letu si jua lao, na wahandisi wetu ndio wanaojua nyuzi gani zinatufaa na nguvu gani tuitake. Tunachodai ni kwamba pawe na kipimo, kiandikwe katika mkataba, na malipo yakingoje. Kifaa chenyewe hakina makuu. Taya zile zimebuniwa ziweze kuingia katika mashine ambayo maabara za lami hutumia kwa vipimo vya kawaida. Kinachohitajika ni amri.

Na kabla ya keekee, iko kazi ya siku ile ile ambayo haihitaji hata umeme. Msimamizi wa Serikali alaze barabarani kitambaa au karatasi ngumu ya mita moja ya mraba iliyopimwa uzito, gari la kunyunyizia lipite juu yake, kisha aipime tena. Tofauti ya uzito itamwambia kiasi kilichomwagwa, na hapana mtu atakayembishia mizani. Aandike saa ya kufagia, saa ya kunyunyiza na saa ya kutandika, na atie sahihi yake. Tena lami ya kunatisha iwe na mstari wake mwenyewe katika orodha ya malipo, ilipwe kwa kipimo kilichoshuhudiwa. Inapofichwa ndani ya bei ya jumla, kila pipa lisilomwagwa huwa faida ya mkandarasi, na kumtarajia aimwage yote kwa uchamungu wake peke yake ni kumpa mtihani ambao Serikali haina haja ya kumpa.

Tunajua jibu litakalokuja: kwamba kutoboa barabara mpya ni kuiharibu, na kwamba kungoja majibu ya maabara ni kuchelewesha maendeleo. La kwanza ni jepesi. Tundu la milimita 150 huzibwa siku ile ile kwa lami na kushindiliwa, na matundu machache katika kilomita moja hayajapata kuiua barabara iliyo nzima. La pili ni zito kidogo, kwa kuwa tunawafahamu wananchi wa vijiji ambao wamengoja muda mrefu mno, wanaoanika karafuu zao kando ya njia ya vumbi na kuwapeleka wagonjwa wao hospitali juu ya makorongo. Kuwaambia wangoje wiki mbili zaidi si jambo la kusema kwa wepesi. Hata hivyo, wao ndio watakaongoja tena barabara ikibanduka, na safari hiyo hawatangoja wiki mbili. Watangoja bajeti.

Barabara nyingi za Unguja na Pemba zimejengwa au kutandikwa upya katika miaka hii ya 2020, nyingine kwa fedha za kukopa ambazo wanaosoma leo madrasa na skuli ndio watakaozilipa. Deni la miaka ishirini juu ya lami ya miaka mitano ni hesabu ambayo hata mtoto wa chuoni ataikataa. Tunaiomba Wizara inayohusika ianze na barabara moja, yoyote, ikate vipande vyake hadharani mbele ya sheha na wazee wa mahali hapo, na itoe majibu yake kwa vyombo vya habari, yawe mazuri au mabaya. Yakiwa mazuri tutayachapisha ukurasa wa kwanza, pale pale tunapoweka picha za utepe.

Nasi kwa upande wetu tumekwisha kuwaagiza waandishi wetu wa mikoa yote. Katika uzinduzi ujao wa barabara, kabla ya kupiga picha, wataomba waonyeshwe daftari la siku ya kunyunyiza na kipande kimoja cha duara.